Miaka Miwili ya Azniv

Azniv aliokolewa na siagi. Wapo watu wa mji wetu waliookolewa na Mungu, wapo waliookolewa na mbwa aliyebweka mapema au meza imara ya babu, na hao wana la kusimulia kanisani. Azniv aliokolewa na nusu kilo ya siagi ambayo hata hakuipata. Asubuhi ile ya Desemba 1988, saa tano na dakika arobaini na moja, alitakiwa awe kwenye mashine yake katika kiwanda cha soksi, ghorofa ya tatu. Badala yake alikuwa barabarani, mtu wa thelathini na saba kwenye foleni ya duka, maana mtu alipita akinong'ona kwamba siagi imeletwa. Mwenzake wa mashine ya pembeni aliitwa Knarik. Azniv alimwambia, "Nishikie hapa shoga, dakika kumi tu narudi." Knarik akashika.

Ardhi ilipoacha kutetemeka, kiwanda hakikuwapo. Foleni ilikuwapo. Sisemi uongo: waliokuwa mbele ya Azniv walianguka, wakainuka, na mama mmoja mwenye vumbi mpaka kwenye kope akamwambia mwenzake, "Samahani, mimi nilikuwa mbele yako." Ndivyo tulivyolelewa. Azniv alikimbia akaenda kuchimba kwa mikono, na Knarik akatolewa siku ya tatu, maiti. Tangu hapo Azniv hajala siagi.

Mumewe, Varazdat, alikuwa kinyozi, na kibanda chake cha kunyolea kilipata ufa mmoja tu. Mteja aliyekuwa kitini alitoka mbio na kitambaa shingoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Siku ya nne akarudi kumaliziwa upande wa pili, na Varazdat akamwambia akae asubiri zamu. Hadithi hiyo imezunguka mji wetu wote wa Gyumri, na kila kinyozi anadai mteja alikuwa wake. Sisi huku mtu akifiwa asipotania, majirani humwitia daktari.

Nyumba yao ilikuwa kwenye jengo la ghorofa tisa, waliyopewa na kiwanda kwa jina la Azniv. Jengo lilikaa chini lote kwa pumzi moja. Mwana wao wa pekee, Gagik, alikuwa kijijini kwa bibi yake anaugua matubwitubwi, na huo ndio ugonjwa pekee ambao Azniv anausifu mpaka leo. Nyumba za mababu zetu za mawe meusi, zilizojengwa enzi za mfalme wa Warusi, zilisimama zikiangalia. Za ghorofa tisa zilikuwa na mchanga mwingi na saruji ya kuonjea tu. Kila mtu alijua saruji ilikuwa ikienda wapi. Ilikuwa inatoka kwa mlango wa nyuma, mfuko mmoja mmoja, na waliokuwa wakiipokea ni sisi wenyewe. Varazdat alichukua mifuko kadhaa, akampa kaka yake Serob ajengee garaji. Garaji la Serob halikupata hata mkwaruzo. Hatulisemi sana jambo hili, hasa siku za kumbukumbu, tunapokuwa na maua mikononi.

Wakubwa wa Muungano wa Kisovieti uliotutawala wakaja kwa ndege, wakavua kofia, wakaahidi kwamba mji utajengwa upya kwa miaka miwili. Wakati wa kungojea, treni zikatuletea vijumba vya bati na mbao kutoka pande zote, vingine vilikuwa mabehewa, vingine matangi. Tuliviita domik, jina la Kirusi lenye maana ya kijumba, tamu kama jina la mtoto. Azniv na Varazdat walipata kimoja cha kijani. Siku ya kuhamia, Azniv alitoa kitambaa cha maua alichokiokoa, akatafuta misumari.

"Unafanya nini?" Varazdat akamuuliza.

"Natundika pazia."

"Pazia la nini, mke wangu? Miaka miwili tu. Ukitundika pazia watadhani tumeridhika, watatusahau. Hapa tunapita."

Azniv akakunja kitambaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini yeye alikuwa ametoka kwenye foleni akiwa hai, na kwa hiyo aliziamini foleni. Hakutundika pazia, hakupanda hata kitunguu nje ya mlango. Miaka miwili ikapita, Muungano wenyewe ukaanguka kabla ya kutujengea, mji ukabadilishwa jina, kisha ukabadilishwa tena, nasi tukabaki mlemle kwenye bati. Zikaja baridi za kukosa umeme, tukachoma miti ya bustani, tukachoma sakafu za shule zilizobomoka, tukachoma hotuba za wakubwa zilizojaa maktaba, na hizo kwa kweli ziliwaka vizuri. Gagik akakua, akaenda Urusi kufanya kazi. Kazi gani? Kujenga nyumba za watu.

Kinyozi hajinyoi, lakini anajua kichwa cha kila mtu. Habari zote za mji zilipita kwenye kiti cha Varazdat, na mwaka wa sita wa kungojea ikapita hii: kila familia katika orodha ya waliobomokewa itapewa nyumba moja, lakini mke na mume walioachana ni familia mbili. Varazdat alirudi nyumbani macho yakimwaka.

"Azniv, tuachane."

"Nimekukosea nini, Baba Gagik?"

"Hujanikosea kitu. Talaka ya karatasi. Wewe upate nyumba yako, mimi yangu. Tunakaa moja, ya pili tunampa Gagik arudi aoe. Wakishatupa funguo tunaoana upya. Miaka miwili tu."

Walikwenda mahakamani kwa basi, wameshikana mikono kwa sababu barabara ilikuwa na barafu. Hakimu akauliza sababu. "Anakoroma, mheshimiwa," Varazdat akasema. Azniv akaangua kilio cha kweli, maana aliolewa bikira na baba yake aliwahi kuapa kwamba katika ukoo wao hakuna mwanamke atakayeachwa. Hakimu alidhani ni uchungu wa kuachana. Yeye mwenyewe alikuwa ametalikiana na mkewe mwezi uliopita kwa sababu ileile ya orodha, akagonga muhuri bila kuuliza la pili. Baadaye wakapita kwa Serob kula supu ya makongoro, na Serob akainua glasi kuwatakia waliotalikiana maisha marefu ya pamoja.

Hivyo wakaishi bila ndoa miaka kumi na sita, wakigombana kama watu waliooana. Akili nyingi huondoa maarifa, lakini mwenye nazo ndiye wa mwisho kuambiwa.

Mwaka 2010 majengo mapya yakaanza kusimama kweli, kwenye uwanja nje ya mji, na kamati ya nyumba ikatangaza kwamba itapita kijumba kwa kijumba kuhakiki talaka. Ilionekana kwamba robo ya mji iliachana mwaka mmoja. Jirani yao Satenik, mwanamke anayesoma bahati za watu kwenye machicha ya kahawa, ndiye aliyeleta habari.

"Wanaangalia birika," akasema. "Mkiwa na birika moja, nyinyi ni mke na mume."

Varazdat akaazima birika la pili, meza ya pili, hata mswaki. Kisha akamgeukia Azniv. "Tundika lile pazia."

Ndipo kitambaa cha maua kikatundikwa, baada ya miaka ishirini na miwili, katikati ya chumba, kutenganisha upande wa bwana na upande wa bibi. Azniv alikinyoosha kwa viganja akakitazama. Kilikuwa kimefifia kwenye mikunjo.

Mwenyekiti wa kamati aliitwa Bwana Razmik, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Aliingia na karani wake, na majirani wakajazana mlangoni kama kawaida yao. Azniv alikaa upande wake wa pazia, birika lake mapajani. Bwana Razmik akagusa mabirika yote mawili kuona lipi lina moto, akahesabu miswaki, kisha akamgeukia Satenik.

"Mama, hawa watu wanagombana?"

"Kila siku, mheshimiwa," Satenik akajibu, akidhani anasaidia.

"Basi hawajaachana. Waliooana ndio wanaogombana. Walioachana hununiana." Akafunika kalamu.

Watu wakacheka. Varazdat hakucheka. Aliziona nyumba mbili zikitoka mlangoni, na ulimi hauna mfupa, hasa wa kinyozi. Akasimama katikati kama yuko kwenye kibanda chake mbele ya wateja.

"Mheshimiwa, mimi niishi na mwanamke huyu? Umeshaonja supu yake? Maji ya kuoshea miguu yana ladha zaidi. Anakoroma mpaka bati linaitikia. Anaongea na ukuta, na ukuta umeshaomba kuhama." Mlangoni walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Bwana Razmik alitabasamu, lakini kalamu haikufunuliwa, na Varazdat akaona. "Na liko kubwa kuliko yote. Siku ile ya tetemeko alimwacha mwenzake amshikie mashine, akaenda kutafuta siagi. Mwenzake akafa, yeye akarudi. Sasa niambie, mwanaume gani atapata usingizi kando ya mtu wa namna hiyo?"

Kicheko kikakatika. Bwana Razmik akafunua kalamu, akaandika.

Habari ya Knarik, Azniv alimwambia mtu mmoja tu, mara moja tu, baridi ya kwanza ndani ya bati. Siku hiyo Varazdat alimfuta machozi kwa taulo la kunyolea, na taulo lilinukia sabuni. Miaka yote hiyo, kila alipochukizwa na mumewe alilikumbuka taulo lile, akamsamehe. Sasa alikaa nyuma ya maua yaliyofifia, birika mapajani, na moyo ukamuuma kiasi kwamba akafungua kifuniko na kukifunga tena, kwa kuwa mikono ilihitaji kufanya kitu.

Kamati ilipotoka, Varazdat akalivuta pazia kwa mbwembwe. "Umeona? Kaandika! Nimempata. Hebu nipe chai, koo limekauka."

"Una birika lako," Azniv akasema.

Majibu yakatoka majira ya kiangazi, yakabandikwa ukutani. Azniv: chumba kimoja na jiko. Varazdat: hayumo. Alikwenda kwa Bwana Razmik amevaa tai.

"Mheshimiwa, mmenisahau. Nyumba yangu iliangushwa na tetemeko."

Bwana Razmik akavuta faili. "Nyumba iliyoanguka ilikuwa ya mama huyu, kiwanda kilimpa yeye. Wewe uliishi humo kwa kuwa ni mume. Sasa si mume. Kwa hiyo, mzee wangu, nyumba yako haikuangushwa na tetemeko, imeangushwa na mahakama." Akapekua ukurasa mwingine. "Mngekuwa bado mmeoana, mngepata vyumba viwili."

Varazdat alirudi kwa miguu. Wanasema njiani watu watatu walimsalimu hakuitika, na kwa kinyozi hilo ni sawa na kuzirai.

Masharti ya ufunguo yalikuwa kwamba kijumba kivunjwe siku hiyohiyo, mtu asije akamwingiza mwingine humo. Oktoba ikaja tingatinga. Azniv alitoka na masanduku mawili, birika lake na kitambaa cha maua. Domik ya kijani ilikunjika kwa kelele ndogo, na chini yake pakabaki mstatili wa udongo mkavu. Azniv alisimama akautazama. Alisikia aibu kwamba miaka ishirini na miwili inaenea mahali padogo vile, kisha akapanda gari la Serob la mizigo. Varazdat akataka kupanda na godoro lake.

"Godoro lako lilikuwa upande wa pili," Azniv akasema, na Serob, asiyejua acheke au alie, akaondoa gari.

Jioni jua likiwa bado juu ya paa, mlango mpya ukagongwa. Azniv alifungua kwa upana wa mnyororo.

"Fungua, mke wangu. Ngazi zimenimaliza."

"Mke wa nani?"

"Azniv, utani una mwisho. Mimi mumeo."

"Nionyeshe karatasi."

Varazdat alitazama huku na huku, kana kwamba kwenye ngazi kungekuwa na wateja wa kumuunga mkono. "Kama ni yale ya kamati, nilikuwa naigiza. Kila mtu alijua naigiza. Ningefanyaje, kalamu ilikuwa imefunikwa!"

"Habari za supu na kukoroma zilikuwa maigizo. Nilicheka hata mimi," Azniv akasema. "Lile la Knarik ulilitunga lini?"

Varazdat akautazama mnyororo. Azniv alingoja. Alingoja kwa haki, zaidi ya alivyostahili yule, maana kungoja ndiyo kazi aliyoijua. Kisha akafunga mlango, akaenda jikoni akafungua bomba la maji ya moto, akaacha yamwagike mikononi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alikuwa analia, na alifurahi, na hakuona sababu ya kuchagua kimoja.

Varazdat akaenda kuishi kwenye garaji la Serob. Ukuta ule haukuwa na ufa hata mmoja. Saruji nzuri sana.

Mji ulipata umbea wa kula mwezi mzima. Wanaume walikwenda kunyolewa hata wasio na nywele, wamwone kinyozi aliyeachwa kweli baada ya kuachwa kwa uongo. Gagik alipiga simu kutoka Urusi akamwambia mama yake, "Mama, mfungulie baba, kuna baridi." Azniv akamjibu, "Mwanangu, wewe umewajengea watu mia nyumba. Mjengee na yeye." Gagik akahamisha mazungumzo kwenye hali ya hewa.

Hatimaye ni Satenik aliyemwambia Varazdat ukweli: mwanamke asiye na mume haingiliwi nyumbani kwake, anaposwa. Jumapili moja mwezi wa Novemba wakapanda ngazi watatu. Satenik mbele akiwa mshenga, Serob amevaa suti ya mazishi na kubeba brandi, Varazdat nyuma na boksi la chokoleti, ndevu amejinyoa mwenyewe na kujikata mara mbili. Azniv aliwafungulia bila mnyororo. Mgeni wa posa hafukuzwi mlangoni kwetu. Akawakaribisha, akaweka kahawa, akakaa kwenye kiti cha mbele ambacho hukaliwa na baba wa msichana. Dirishani lilikuwa limetundikwa pazia la maua.

Serob akaweka brandi mezani. Kila mtu alijua: chupa ikifunguliwa na wenye binti, posa imekubaliwa. Akakohoa, akasema maneno ya posa yaliyosemwa na babu zake wote.

"Tumekuja kuomba konzi ya majivu kutoka mekoni mwenu."

"Hapa hakuna majivu, shemeji," Azniv akasema. "Jiko ni la gesi."

Satenik akaziba mdomo kwa leso. Serob akaendelea. "Tuna kijana wetu. Ana kazi yake, hanywi sana, ametoka kwenye ukoo mzuri. Amempenda binti yenu."

"Amemwona wapi?"

"Walikuwa... majirani. Pazia moja tu katikati."

Hapo hata Azniv alitaka kucheka. Akanywa kahawa kidogo. "Sina baba wa kunisemea, najisemea. Nauliza lile ambalo baba yangu angeuliza. Kijana ana nyumba?"

Serob akatazama viatu vyake. Satenik akatazama machicha ya kahawa kwenye kikombe, lakini hata humo hakukuwa na nyumba.

"Anakaa kwangu," Serob akasema taratibu. "Garajini."

"Kwetu binti hatolewi kwa mwanaume asiye na nyumba. Si desturi niliyoitunga mimi."

Varazdat, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema, akasogea kwenye ukingo wa kiti. Hakuwa na utani hata chembe. "Azniv, nilikosea. Kile nilichosema hakikuwa changu kukisema. Ulinipa nikutunzie, nikakitumia kununua nyumba, na nyumba yenyewe sikuipata."

Azniv akaweka kikombe chini. Ilikuwa ndiyo sentensi aliyoingojea tangu mlango ufungwe, na imekuja. Iligusa palepale palipouma. Lakini hakuna aliyejua foleni kumshinda Azniv, na alijua kwamba anayefika leo hakai mbele ya waliofika jana. Akaichukua chupa ya brandi bila kuifungua, akainuka, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo kila atakayeingia ataiona.

"Nimesikia," akasema. "Nitalifikiria."

"Nisubiri mpaka lini?"

"Miaka miwili tu, Baba Gagik," Azniv akasema, akampokea boksi la chokoleti. "Na huko garajini usitundike pazia."